Mpiga Chepkong'o wa Kapkatet

Chepkong'o ni kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis, Wakalenjin wa milima ya chai ya Kericho na Bomet. Ni ndugu wa nyatiti ya Waluo, obokano ya Wakisii na litungu ya Wabukusu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayochomoza juu, na mti uliolazwa kati ya mikono hiyo ili kufungia nyuzi. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za mnyama, baadaye waya ukashika nafasi. Kwa desturi anayekipiga ndiye anayeimba, na mara nyingi ndiye mtunzi.

Mahali pake hasa palikuwa kwenye pombe ya wimbi. Chungu kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, wakikaa kwa kufuata rika. Hapo mwimbaji alihitaji kujua mengi kuliko nyuzi tu. Rika la Wakipsigis, yaani ibinda, lina jina linalorudi kwa mzunguko baada ya vizazi kadhaa: Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Nyongi na mengine. Asiyejua nani ni wa rika lipi hawezi kumsifu mtu wala kumkosoa bila kuvunja heshima. Mwimbaji alibeba hesabu hiyo kichwani, pamoja na koo, ng'ombe waliosifika, na habari za majirani wa kokwet nzima, yaani mtaa. Mchoyo aliweza kusikia tabia yake ikiimbwa mbele ya watu naye akiwa na mrija mdomoni.

Mafunzo ya nyimbo yalikuwa na njia zaidi ya moja. Watoto walianzia kwa kogo, bibi yao, kwa hadithi za jioni zenye vibwagizo vya kuitikia. Vijana wa kiume walifundishwa wakiwa menjo, kibanda cha jando, na motiriot, mwalimu wao. Nyimbo za huko ni siri ya waliopitia. Chepkong'o yenyewe haikuwa na darasa. Kijana aliketi karibu na mjuzi, akatazama vidole, akaitikia kiitikio, akajaribu peke yake malishoni, hadi siku wazee walipomwachia kinanda. Ualimu wa aina hiyo hauna cheti, lakini ulikuwa na mtihani mkali: wasikilizaji walimjua kila mtu aliyetajwa na kila tukio lililoimbwa.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika milima hiyo ya Wakipsigis, na mitambo yake ya kunasa sauti. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi zimo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Moja iliimbwa na Bekyibei arap Mosonick, nyingine na Charondet arap Ng'asura, na ya tatu na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika kwenye milima hiyo. Katika wimbo wa wasichana amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, anayekaribishwa acheze kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Chepkong'o inarudia kipande kifupi kile kile bila kukoma, na sauti za wasichana zinapita juu yake taratibu, zikilivuta jina la mgeni hadi linakuwa la Kikalenjin kabisa.

Wimbo huu umezunguka dunia, na mara nyingi husimuliwa kama kioja cha watu waliokutana na santuri kwa mara ya kwanza. Masimulizi hayo yanawapunja waimbaji. Kupokea jambo geni, kulipa jina la nyumbani na kulicheka kwa upole ndiyo iliyokuwa kazi ya kila siku ya mwimbaji. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa yameshaingia Kericho tangu miaka ya 1920, vijana walikuwa wamekwenda vitani na kurudi, na kila moja ya habari hizo ilihitaji mtu wa kuitia katika wimbo. Rodgers alipata tu zamu yake.

Kanda za Tracey zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba hiyo, pamoja na watu wa muziki kutoka Nairobi, ilirudisha nakala kwa jamii ya Kapkatet. Wazee walisikiliza sauti zilizokuwa zimetoka kwao miongo sita kabla. Lilikuwa jambo la haki, ingawa lilichelewa mno.

Kufikia wakati huo gitaa lilikuwa limechukua sehemu kubwa ya kazi ya chepkong'o. Kipchamba arap Tapotuk, aliyefariki mwaka 2007, ndiye anayekumbukwa zaidi kati ya wapiga gitaa wa Kikalenjin waliosimulia maisha ya watu kwa wimbo, na vituo vya redio vya Kikalenjin vimezifikisha nyimbo za namna hiyo hadi kwenye vibaraza vya wachuma chai. Nyimbo za kale nazo zimehamia shuleni. Wanafunzi huziimba kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, wakiwa wamevaa ngozi na shanga, na mwalimu anayewafunza hulazimika kwanza kumtafuta mzee anayejua maneno.