Soseji ya Kireno Katika Visiwa vya Hawaii

Mkulima achinjaye nguruwe mmoja hupata nyama nyingi kwa siku moja, na mara nyingi majirani hawawezi kuinunua yote kabla haijaharibika. Jambo hili si la skimu zetu peke yake. Katika visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, vibarua wa mashamba ya miwa walikuwa na njia yao ya kulitatua zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na matunda ya njia hiyo huliwa hadi leo na watu wa kila kabila huko. Ni soseji ya Kireno.

Wareno ni wale wale waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakatuachia maneno kama meza na bendera. Lakini waliokwenda Hawaii hawakuwa askari. Walikuwa wakulima maskini wa kisiwa cha Madeira, ambako mizabibu ilikuwa imeharibiwa na magonjwa. Meli yao ya kwanza, Priscilla, ilitia nanga Honolulu tarehe 30 Septemba 1878 ikiwa na watu zaidi ya mia moja, kisha maelfu wakafuata kutoka Madeira na visiwa vya Azores. Wengi walikuja na wake zao na watoto. Kwa hiyo walianzisha maisha ya nyumbani: bustani ya mboga, tanuri la mviringo la mikate nje ya nyumba, na nguruwe. Friji hazikuwako.

Soseji yenyewe, ambayo kwao huitwa lingwisa, haina siri kubwa. Nyama ya bega pamoja na mafuta yake hukatwa vipande vidogo; haisagwi ikawa laini kama uji. Hutiwa chumvi kiasi cha gramu 20 kwa kila kilo, kitunguu saumu kingi kilichopondwa, siki, unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, na pilipili kali kidogo. Hulazwa usiku mzima au zaidi mahali penye baridi. Chumvi huvuta maji ya nyama, siki huitia ukali, na vijidudu vya uozo havipendi mambo hayo mawili. Halafu nyama hushindiliwa ndani ya utumbo mwembamba uliosafishwa sana, ukafungwa na kutundikwa kwenye moshi. Huko Azores watu walikuwa na desturi ya kuifunika ndani ya mtungi kwa mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, ili yakiganda yazuie hewa. Siku hizi watengenezaji wengi wa Hawaii hutia sukari pia. Mimi naona hiyo ni kuharibu kitu kizuri, lakini wateja wao hawalalamiki.

Kuni za moshi zastahili kutajwa. Watu wa Hawaii hutumia mpera, na pia mti uitwao kiawe, ambao padre mmoja aliupanda Honolulu mwaka 1828. Kiawe ni ndugu wa mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Baringo miaka ya 1980 na sasa unawasumbua wafugaji. Huko nao umeenea kupita kiasi, ila wameutafutia kazi.

Maana kubwa ya soseji hii ni kwamba kidogo hutosha wengi. Asubuhi hukatwa vipande vyembamba, hukaangwa, ikaliwa na mayai na wali mweupe. Wali huo ulitoka kwa vibarua wa Kichina na Kijapani, waliofanya kazi katika mashamba yale yale. Hata mikahawa ya McDonald's huko huuza chakula hicho. Jioni kuna supu: maharagwe mekundu, kabichi, viazi, karoti, nyanya, na vipande vichache vya soseji vya kuipa ladha. Mama wa Kinangop akiitazama orodha hiyo ataona kwamba karibu yote yamo shambani mwake. Naye ambaye dini yake yamkataza nguruwe aweza kupika supu hiyo bila soseji, akazidisha kitunguu saumu na pilipili.

Sasa tahadhari, nayo isomwe polepole. Chumvi na moshi mwepesi haviui tegu. Nguruwe achinjwe mahali palipo na kibali, nyama ikaguliwe, na ikionekana na vifuko vyeupe kama punje za mchele isitumike kwa soseji wala kwa kitu kingine. Soseji ipikwe mpaka iive kabisa hadi ndani, kwa kuwa iliyotoka kwenye moshi bado ni mbichi. Hawaii yenyewe siku hizi huiweka katika friji.

Tena kuna homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, na mwaka 1957 ulifika Ureno yenyewe. Inaaminika ulianzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula cha ndege karibu na Lisbon. Haumdhuru mtu, lakini waweza kumaliza banda zima, na virusi vyake hukaa miezi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi au moshi. Basi maganda ya soseji, makombo ya sahani, na maji yaliyooshea utumbo yasipelekwe kamwe katika chakula cha nguruwe. Yafukiwe katika shimo refu, mbali na banda.