PANGO LILILOUGUA KWA PUMZI ZA WAGENI

Je, mtu anaweza kuharibu kitu kwa kukitazama tu? Wengi wetu tutasema haiwezekani. Lakini huko Ufaransa liko pango lililoharibiwa na watu waliokuja kulitazama. Hawakuiba kitu. Hawakuvunja kitu. Walipumua tu.

Pango hilo linaitwa Lascaux. Jina hilo hutamkwa "Lasko". Liko kilimani karibu na mji mdogo wa Montignac, kusini-magharibi ya Ufaransa. Leo tunaeleza habari zake.

Lilivyogunduliwa

Tarehe 12 Septemba 1940 vijana wanne waliingia katika shimo lililokuwa kwenye kilima hicho. Mmoja wao, Marcel Ravidat, alikuwa na miaka 18. Walishuka na taa yao mpaka chini. Walipoinua taa waliona wanyama ukutani. Kumbe zilikuwa picha za kale sana.

Wataalamu wanasema picha hizo zilichorwa kiasi cha miaka 17,000 iliyopita, pengine zaidi. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa analima. Watu waliishi kwa kuwinda na kuchuma. Hata hivyo walikuwa mafundi hasa. Walichora farasi, fahali wa porini, kulungu na mbuzi wa milimani. Fahali mmoja ana urefu wa zaidi ya mita 5.

Rangi walizipata ardhini. Udongo wenye kutu ya chuma uliwapa rangi nyekundu na ya manjano. Madini ya manganizi yaliwapa rangi nyeusi. Mle ndani ni giza tupu, kwa hiyo waliwasha taa za mawe zilizotiwa mafuta ya wanyama. Na pale ambapo mkono haufiki, walipandaje? Kuna matundu ukutani yanayoonyesha kwamba walitega miti, wakasimama juu yake kama fundi anayejenga nyumba.

Wageni wanafika

Mwaka 1948 pango lilifunguliwa kwa watalii. Mlango ulipanuliwa, sakafu ikachimbwa, taa za umeme zikawekwa. Ravidat na mwenzake Jacques Marsal wakawa waongozaji wa wageni. Sifa zikaenea. Kufikia mwaka 1955 watu kiasi cha 1,200 walikuwa wanaingia kila siku.

Sisi tunasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Lascaux wageni walikuja, mwenyeji akaugua.

Ugonjwa ulitoka wapi?

Hebu chukua kioo ukipumulie. Utaona kimelowa. Pumzi yetu ina joto na maji. Tena ina hewa ya ukaa. Mtu mmoja akipumua hakuna neno. Lakini watu 1,200 kwa siku, ndani ya pango lililofungana, ni jambo jingine.

Maji ya pumzi yalishika ukutani. Ukuta huo ni wa mawe ya chokaa. Maji yenye hewa ya ukaa yana ukali kidogo, nayo hula chokaa polepole. Yakikauka, chokaa ile hubaki juu kama gamba jeupe, sawa na lile unaloliona ndani ya birika la kuchemshia maji. Gamba hilo lilianza kufunika picha. Huo wakauita ugonjwa mweupe.

Ukaja na ugonjwa wa kijani. Wageni waliingiza vijidudu na vumbi kwa viatu na nguo zao. Taa za umeme zikaleta mwanga mahali palipokuwa na giza kwa maelfu ya miaka. Basi ukoga wa kijani ukaota ukutani, kama ule unaoota kwenye mtungi wa maji uliokaa nje.

Kufunga au kuacha wazi?

Uamuzi haukuwa mwepesi. Wageni walileta fedha. Wako waliowapa chakula, waliowapa malazi, waliowauzia vitu. Lakini picha zikifutika, hakuna fundi wa kuzirudisha. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, aliamuru pango lifungwe. Ukoga ukatibiwa kwa dawa.

Hata hivyo pango halikupona kabisa. Mwaka 2001, baada ya mashine ya hewa kubadilishwa, kuvu nyeupe ilienea mle ndani. Baadaye yakatokea madoa meusi. Mpaka leo pango linaangaliwa kama mgonjwa, na wanaoruhusiwa kuingia ni wachache sana.

Je, wageni walikatazwa kuja Montignac? Hapana. Wenyeji walipata njia nyingine. Mafundi walipima kuta kwa uangalifu mkubwa, wakajenga mfano wa sehemu ya pango kiasi cha mita 200 kutoka pale. Mchoraji Monique Peytral alizichora upya picha kwa rangi za namna ileile ya kale. Mfano huo ulifunguliwa mwaka 1983. Mwaka 2016 ukafunguliwa mwingine chini ya kilima, unaoonyesha karibu pango zima. Mgeni anayefika leo huingia humo pamoja na mwongozaji. Ndani kuna baridi na mwanga hafifu, kama kwenye pango lenyewe.

Wako wanaonung'unika kwamba huo ni mfano tu. Ni kweli. Lakini mfano ukiharibika utajengwa mwingine. Pango halijengwi.

Tunajifunza nini?

Mwaka 1979 Lascaux na mapango mengine ya bonde lile yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Picha za miambani za Kondoa, Tanzania, ziliingizwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2006. Nazo ni kazi ya mikono ya watu wa kale. Anayezishika, anayezikwangua au anayeandika jina lake juu yake huharibu kwa dakika moja kitu kilichokaa miaka mingi mno.

Utalii ni kazi yenye faida. Lakini faida yake hudumu ikiwa kile kinachotazamwa kinadumu.

Maswali ya kujadiliana

1. Pumzi za watu ziliharibuje picha za Lascaux?
2. Kama wewe ungekuwa mwenyeji wa Montignac mwaka 1963, ungekubali pango lifungwe? Kwa nini?
3. Kijijini kwenu kuna kitu gani cha kale? Nani anakitunza?