Asiye na dini huyatoa wapi maadili?

NI nini kinachomzuia mtu asiyemwamini Mungu kuiba mbuzi wa jirani usiku, wakati hakuna anayemwona?

Swali hili huzuka kila mara nchini Kenya, ambako wazazi wengi huamini kuwa kijana akiacha kanisa au msikiti, ameacha pia haki na huruma. Nalo haliwahusu watu wachache tu, kwani katika sensa ya 2019 Wakenya 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini.

Sehemu ya jibu inapatikana Mwingi, katika Kaunti ya Kitui. Huko mvua ni haba, na mito kama Tyaa huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi. Wakazi huchimba visima katika mchanga huo ili kupata maji. Katika mazingira kama hayo, familia inayojitenga haiwezi kudumu.

Ndiposa Wakamba wakawa na desturi ya mwethya. Majirani hukusanyika kumlimia mwenzao, kumjengea nyumba au kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwenyeji huwaandalia chakula, naye hubaki na deni la jasho hadi zamu ya mwingine ifike. Anayekwepa hujikuta peke yake siku ya shida. Adhabu hiyo haihitaji jehanamu, kwa kuwa majirani hawasahau.

Mnamo 1871, Charles Darwin alieleza kwamba hisia ya mema na mabaya ilichipuka kutokana na silika ya viumbe wanaoishi pamoja, kwani kundi lililosaidiana lilikuwa na nafasi bora ya kusalimika. Naye Elinor Ostrom, Mmarekani aliyetuzwa Nobel ya uchumi mwaka wa 2009, alionyesha kuwa watu wanaotumia maji au malisho kwa pamoja huweza kujiwekea kanuni na kuzitii, mradi wachungane na mkosaji aadhibiwe kwa kadiri ya kosa lake.

Hata hivyo, si kweli kwamba Wakamba wa kale hawakuwa na dini. Kabla ya mmishonari Johann Ludwig Krapf kufika Kitui mwaka wa 1849, tayari walimjua Mulungu, walitambika katika mathembo na kuogopa kiapo cha kithitu. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, alishikilia kuwa dini imepenya kila pembe ya maisha ya Mwafrika.

Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyezaliwa mwaka huo huo, hakukubaliana na rai kwamba maadili ya Kiafrika yameegemea dini. Kwake, Waakan huliita tendo jema kwa sababu linamfaa binadamu, wala si kwa sababu limeamriwa kutoka juu.

Lakini je, jamii yenyewe ikikosea? Ukambani palikuwa na king'ole, hukumu ambayo kwayo mwizi sugu au mshukiwa wa uchawi aliuawa na wanakijiji kwa pamoja, hadi serikali ya kikoloni ilipoipiga marufuku. Wengi waliafikiana, ila kuafikiana kwao hakukumfanya aliyesingiziwa kuwa na hatia.

Kwa hivyo, kuishi pamoja huzaa maadili, lakini hakutoshi kuyanyoosha. Inabidi kila mtu ajiulize kama angeikubali kanuni ile ile iwapo yeye ndiye angekuwa mshtakiwa, mgeni au mnyonge. Hilo ni jukumu la muumini na asiye muumini vilevile.

Na yule mbuzi wa usiku? Aliyekulia katika mwethya, amelima shamba la jirani na kula chunguni mwake, anajua kuwa mbuzi huyo ndiye karo ya mtoto fulani. Giza halimfichi mtoto huyo machoni pake.