Mwaniaji udiwani Kasigau akikuomba kura, muulize haya

Kama kura yako iko Rukanga, Bungule, Makwasinyi ama Buguta, jiandae kusalimiwa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na wanaomezea mate kiti cha MCA wa Kasigau hawatangoja mwezi huo ndio wakumbuke njia ya Maungu. Watakuja na fulana, mia mbili ya soda na ahadi: nitaleta maji, nitamaliza ndovu, nitawapa vijana kazi. Pokea soda ukitaka. Halafu muulize, mheshimiwa, hiyo kweli ni kazi yako?

Maana hapo ndipo tunachezewa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza MCA kujiingiza katika kazi za utekelezaji. Hachimbi kisima wala halimi barabara. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kumkalia macho gavana na mawaziri wake. Tena Taita Taveta ina wadi 20, kwa hivyo asiyejua kuelewana na wenzake huko bungeni atarudi mikono mitupu hata kama anapiga kelele vipi.

Maji angalau ni jukumu la kaunti. Vijiji vilivyo chini ya mlima vina chemchemi za msituni, lakini ukishuka nyikani mambo ni mengine, na wewe unajua kiangazi cha kule. Maji ya Mzima nayo yanasafiri kwa bomba hadi Mombasa. Basi mwaniaji asikwambie tu "maji". Akutajie kijiji, mwaka wa bajeti na atakachopunguza kwingine ili pesa zipatikane.

Ndovu je? Anayesema atawamaliza akiwa MCA anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Wanyamapori wako chini ya KWS na serikali ya kitaifa. Sheria ya 2013 inataja fidia ya Sh5 milioni kwa aliyeuawa na Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mtu wa maana atakueleza jinsi atakavyozisaidia familia kujaza madai na kuisumbua kamati ya fidia ya kaunti mpaka ijibu.

Sasa njoo kwa ile pesa ambayo wengi hawapendi kuiongelea mkutanoni: hewa ya kaboni. Mwaka 2011 mradi wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani wa kulinda misitu ya aina ya REDD+ kupata hati za kaboni chini ya kiwango cha VCS. Dunia nzima inasoma habari zetu, aisee, na bado kijana wa Buguta anaweza asijue mgao wa kijiji chake huamuliwa na nani. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inasema miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, na serikali ya kaunti isimamie mazungumzo ya mkataba na jamii. Hapo MCA ana mlango kabisa. Je, atadai hesabu zibandikwe hadharani? Kwenye kamati, vijana ni wangapi, na walichaguliwa wapi? Akianza kukohoa, umeshapata jibu.

Madini pia usiyasahau. Sheria ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii inakochimbwa, na asilimia 20 kwa kaunti.

Na kama unaona hakuna anayefaa, simama wewe. Digrii si lazima: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitupa sharti hilo kwa MCA, habari ambayo sisi tulioacha chuo njiani tuliisoma mara mbili. Mgombea huru anahitaji wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo wamuunge mkono kwa maandishi. Hebu anza kuhesabu. Unajuana na wangapi?