Kituo cha Kutwa kwa Wazee wa Mji wa Kale

Mwanamume aliyezeekea Kibokoni au Mkanyageni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ana pa kushinda. Akishaswali hukaa barazani, muuza kahawa hupita na dele lake, wenzake hucheza bao, na akirudia neno lile lile mara tatu kuna wa kumjibu mara tatu. Mimi ninayetibu wazee naihesabu baraza kuwa matibabu: mtu anatoka, anatembea, anasemeshwa, anaangaliwa na watu wanaomjua. Mkewe hana hilo. Yeye yuko ghorofa ya pili, ngazi ni nyembamba na zimesimama wima, magoti yamekataa, na siku hizi anauliza mama yake atarudi lini, mama aliyefariki zamani. Wapo wengi kama yeye nyuma ya madirisha ya Mji wa Kale, na ndio ninaowaombea kituo cha kutwa.

Huduma yenyewe ni rahisi kueleza. Mzee huchukuliwa nyumbani asubuhi, hushinda mahali penye muuguzi, mazoezi ya viungo, chakula na wenzake, kisha hurudi kulala kwake. Huko Oxford, Uingereza, Daktari Lionel Cosin alifungua hospitali ya kutwa ya wazee mwaka 1958. Mfano unaonigusa zaidi ni wa San Francisco, Marekani, katika mtaa wa Wachina, mtaa wa majumba ya zamani yaliyosongamana. Familia za pale hazikutaka wazazi wao wapelekwe kwenye makao ya mbali wasikozoea lugha wala chakula. Shirika la On Lok likafungua kituo cha kutwa mwaka 1973, karibu na kwao. Mpango uliozaliwa pale, uitwao PACE, leo umeenea katika majimbo mengi ya nchi hiyo.

Ndani ya kituo hufanywa nini? Ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha dimensia kuliko maradhi mengine yote, kwa kawaida huanza na kumbukumbu za karibuni. Kumbukumbu za mikono hudumu zaidi. Bi mkubwa asiyejua leo ni siku gani huenda bado anapeta mchele, anasuka ukili, anatunga asmini, anatawadha kwa mpangilio bila kuambiwa. Kazi za siku zijengwe juu ya hayo. Kuwapanga wazee mbele ya televisheni hadi jioni si huduma, na familia itakayokuta hivyo imrudishe mzee wake nyumbani. Adhana nayo inasaidia, maana huigawa siku kwa mtu ambaye saa ya ukutani haimwambii kitu tena. Wengi wenye dimensia huhangaika kuanzia alasiri hadi magharibi, basi safari ya kurudi ianze mapema, saa tisa hivi.

Halafu kuna maji. Miezi ya kaskazi joto la kisiwani hukausha mwili, na kiu ya mzee ni hafifu. Upungufu wa maji, au maambukizi ya njia ya mkojo, unaweza kumvuruga akili ndani ya siku mbili tatu. Nyumbani watu husema ugonjwa umezidi, au amepandwa na shetani, kumbe ni jambo la kutibika. Muuguzi anayemwona mara kwa mara huyatambua mabadiliko hayo mapema. Kwa sababu iyo hiyo, kabla ya kumwandikisha mzee kituoni apimwe kwanza: tezi ya shingo, vitamini B12, sononeko, masikio, na dawa anazomeza. Vidonge vya usingizi, hata Piriton ya mafua, humzidishia mzee usahaulifu.

Mnufaika wa pili ni mtunzaji. Mara nyingi ni mmoja tu, binti au mkaza mwana, na wengine hutuma pesa na kupiga simu. Mwaka 1998 Steven Zarit na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya jamaa waliowapeleka wagonjwa wao kituoni angalau siku 2 kwa wiki. Baada ya miezi 3 mzigo na msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale wasiotumia huduma hiyo. Siku mbili hizo mtunzaji anakwenda sokoni Marikiti bila kufunga mlango kwa kufuli, analala, anapima presha yake mwenyewe.

Wapo watakaosema mzazi ametupwa. Naelewa hofu ya kukosa radhi. Lakini makao ya wazee kama ya Sebleni na Welezo kule Unguja mzee huhamia. Kwa kituo cha kutwa bi mkubwa analala chumbani mwake kila usiku, kati ya wajukuu zake, na anayemwogesha ana nguvu za kumvumilia.

Kigumu ni kumshusha. Tuktuk haiingii kila kichochoro, kwa hiyo kituo kiajiri watu wawili wa kumbeba kwa kiti kutoka juu hadi barabarani, mmoja wao mwanamke.

Na pesa? Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mzee haki ya matunzo kutoka kwa familia na Serikali, lakini Inua Jamii, ruzuku ya Serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, chini ya shilingi 70 kwa siku. Kwa hiyo naitazama wakfu. Tume ya Wakfu makao yake yako hapa hapa Mombasa, na nyumba ya wakfu yenye vyumba vya chini ingefaa sana. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, hivyo Makumbusho ya Taifa yashirikishwe kabla ya kupanua mlango kwa ajili ya kiti cha magurudumu au kubomoa kizingiti. Vyuma vya kushikilia chooni havimharibii mtu historia. Tuanze na wazee 12 na wahudumu 3, wanawake siku tatu kwa wiki, wanaume siku mbili.