Leta ikiingia mu lopitali, bei inapanda ao inashuka?



Juma iliyopita, nyuma ya mkutano, tulibaki watu watano chini ya mwembe tukibishana. Mmoja wetu aliyesoma ekonomi alisema: "Leta ikigusa kitu, bei inapanda. Muangalie paspoti." Mwingine, yeye ni wa sheria, akamjibu kwamba afya ni haki, iko mu Katiba ya 2006, kifungu cha 47, na bila Leta maskini atafia kwa mlango wa lopitali. Mimi sikusema mingi. Nilisoma agronomia mpaka lisansi, na mambo ya lopitali niliyajua paka kwa njia ya fakitire. Lakini nilirudi nyumbani na fakitire moja mu kichwa, njo maana ninaandika.

Ni fakitire ya yaya yangu. Miaka ine imepita, alizaa mtoto wa kwanza kwa kupasuliwa, mu lopitali moja ya Leta huku kwetu mu bonde la Ruzizi. Siku ya kutoka walituletea karatasi yenye kila kitu na bei yake: dosie, kitanda, labo, ganti, uzi, serumu, dawa, operesheni. Jumla dola 163. Mu nyumba mulikuwa dola 70. Yaya akabaki mu sali moja na wamama wengine wasiolipa, wawili wawili kwa kitanda, na mlinzi kwa mlango. Alikaa siku tisa vile. Kila siku kitanda kiliongeza dola 3, kwa hiyo deni lilipanda tulipokuwa tunatafuta namna ya kulishusha. Ilifika 190.

Papa aliuza mupunga ungali kijani shambani. Wale wa kijijini munajua hiyo biashara: mtu mwenye feza anakuja, anaangalia shamba, anakukatia bei ya gunia ambalo halijavunwa bado. Alitupatia dola 20 kwa gunia, magunia sita, jumla 120, yaya akatoka. Miezi miwili nyuma, gunia hilohilo lilikuwa dola 35 sokoni. Yale sita yangetuletea 210. Ongeza zile 70 za kwanza, utaona ule uzazi ulitugharimu dola 280, wakati karatasi ya lopitali inasema 190. Zile 90 za katikati hakuna kitabu cha wizara kitakachoziandika.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kama Leta inapandisha ao inashusha, tuseme kwanza tunapima nini. Kuko bei, ndiyo ile unalipa kwa dirisha la kasa. Kuko gharama, ndiyo vyote vinavyotumika ili mgonjwa atibiwe: mshahara wa dokta, dawa, mafuta ya jenereta, nyumba yenyewe. Na kuko ile ya tatu, hasara ya nyumba inayotafuta feza kwa haraka. Leta inaweza kushusha bei mpaka sifuri na gharama isisogee hata kidogo. Imehama mfuko tu. Ndugu yangu wa ekonomi yuko sawa juu ya hiyo. Lakini kuhama mfuko si kitu kidogo kwa mtu mwenye mupunga wa kijani.

Sasa sikieni kitu kilichonishangaza. Siku ya sita nilizungumza na mama mmoja muuguzi, wakati alikuwa anapumzika kwa ngazi. Nilikuwa na kasirani, nikamuuliza sababu gani bei iko vile mu lopitali ya Leta. Hakukasirika. Akaniambia: "Mwanangu, niko na miaka kumi na moja humu. Leta haijanilipa mshahara hata mwezi mmoja. Ile fakitire ya yaya yako njo mshahara wangu."

Nilidhani anaongeza chumvi. Nyuma nikaelewa kwamba ni hali ya wafanyakazi wengi wa afya mu inchi yetu. Kuko wenye namba ya kazi na mshahara, kuko wanaopata paka prime, na kuko ambao hata orodha ya malipo haijui majina yao. Hawa wanaishi kwa mapato ya kila mwezi ya lopitali, wanayagawana. Na kabla hawajagawana, sehemu imepanda juu: kwa biro ya zoni ya afya, kwa huduma hii na ile ya Leta inayopita na risiti. Tunajua hiyo siye watu wa kilimo. Gunia la mupunga likitoka Sange kwenda Bukavu, kila kizuizi barabarani kinakamata yake, na mwisho anayelipa ni mama anayenunua mchele Kadutu. Hakuna hata kizuizi kimoja kilicholima.

Kwa hiyo lopitali yenye bendera kwa mlango inaweza kuwa, kwa upande wa feza, duka la watu binafsi lenye kulipa ushuru. Leta iko kwa kichwa cha karatasi na kwa muhuri, lakini haiko kwa mshahara wala kwa dawa. Leta ya namna hiyo inapandisha bei, na sioni namna ya kubisha. Ila tusiseme inapandisha kwa sababu imeingia sana. Iliingia kwa mkono wa kukamata, ule wa kutoa ukabaki nje.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mu miaka ya 1980 Zaire iligawa inchi mu zoni za afya 306, kila moja na lopitali yake na vituo vyake, na mpango huo ulisifiwa Afrika nzima. Leo zoni ni 519. Ramani ilibaki, hata ilikua. Kilichokufa ni feza: mwanzo wa miaka ya 1990 wafadhili wakubwa waliondoka, zaire ya karatasi ikaoza mu mifuko, mshahara wa muuguzi ukawa hautoshi hata sabuni. Lopitali hazikufungwa. Zilianza kula kwa mgonjwa, na desturi hiyo ikabaki.

Sasa muangalie upande wa pili, mu lopitali hizohizo. Mtoto akipelekwa chanjo, halipi sindano. Mgonjwa wa kifua kikuu halipi dawa zake, hata kama matibabu ni miezi sita. Juu ya nini? Kwa sababu dawa hizo zinanunuliwa kwa wingi, na Leta pamoja na wafadhili, kwa watu wengi sana mara moja. Ni hesabu ileile ya mbegu na mbolea. Mkulima mmoja akienda dukani kutafuta kilo tano za urea, analipa bei ya duka pamoja na faida ya watu watatu. Koperative ya watu mia tano ikiagiza kwa kontena, inakaa mezani na muuzaji, na muuzaji anajua akikataa anapoteza wote. Mgonjwa hawezi kukaa mezani. Yuko analia maumivu, na dawa iko nyuma ya dirisha. Njo sababu soko la afya halifanani na soko la ndizi: ndizi ikiwa ghali naenda kwa mama wa pili, lakini hakuna mtu anazunguka kuulizia bei ya sezariene wakati mtoto amekwama.

Ndugu wa ekonomi atanirudishia Marekani, maana anapenda video zake. Sawa. Huko sheria ya 2003 ilianzisha dawa za wazee kulipwa kupitia Medicare, na sheria ileile ikakataza Leta kukatiana bei na makampuni. Mlipaji mkubwa vile, mdomo umefungwa! Ilifika paka 2022 ndiyo sheria nyingine ikafungua huo mdomo kwa dawa fulani. Leta inayolipa bila kuuliza bei inapandisha, kweli.

Turudi karibu. Ukisimama Uvira usiku unaona taa za Bujumbura. Mu mwezi wa tano wa 2006, rais Nkurunziza alitangaza kwamba mama anayezaa na mtoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure. Kabla ya hapo mambo kama ya yaya yangu yalikuwa huko pia. Mwaka uleule Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wagonjwa waliofungiwa mu lopitali za Burundi sababu ya deni. Bei ilianguka sifuri kwa siku moja, na watu wakajaa. Lakini feza ya kulipa lopitali ilichelewa nyuma ya tangazo, dawa zikaisha, waganga walewale wakabeba mzigo mara mbili. Mtu angesema: muone, Leta imeharibu. Ila wale waliojaa walikuwa wapi mbele? Walikuwa nyumbani, wanazalia nyumbani. Gharama ya inchi ilipanda kwa sababu watu waliokuwa hawatibiwi walianza kutibiwa, na hiyo mimi siiti hasara. Na mu 2010 Burundi iliunganisha ile bure na malipo ya kufuata kazi: lopitali inahesabu wamama iliowahudumia, mtu wa nje anahakikisha, ndipo inalipwa.

Rwanda ilipita njia nyingine, ya mutuelle. Kwa miaka mingi familia ya kawaida imelipa franka 3,000 za Rwanda kwa kila mtu kwa mwaka, 200 ukifika kwa kituo, na asilimia 10 ya fakitire ukifika lopitali. Wale maskini kabisa wanalipiwa. Wengi wetu huku tunasema "Rwanda matibabu ni rahisi." Hapana, si rahisi, franka 3,000 hazitoshi kumtibu mtu mwaka mzima. Leta na wafadhili wanaongeza. Urahisi uko mu kitu kingine: unalipa ungali mzima, na kila mtu analazimishwa, kwa hiyo wazima wanabeba wagonjwa. Bila sheria ya kulazimisha, wangejiandikisha paka wagonjwa, na kasa ingekufa mwaka wa kwanza.

Lakini sitaki kumpatia Leta sifa zote. Mu 1986, kule Bwamanda mu Equateur, lopitali ya misioni pamoja na mradi wake wa maendeleo ilianzisha bima yake bila kungojea Kinshasa. Mwanachama akilazwa, alilipa asilimia 20, kasa ikabeba zingine 80. Na kitu kinachonifurahisha kama agronome: mchango ulikusanywa wakati wa kuuza kahawa na soya, wakati feza iko mu mkono wa mkulima. Aliyefikiri hivyo alijua shamba. Huku kwetu malaria inapiga sana mu mvua, wakati mupunga ungali majini na mufuko hauna kitu, na ndipo lopitali inataka feza. Ukiniuliza kitu kimoja wizara ijifunze kwa wakulima, ni kalenda.

Nikifika kwa Leta yetu ya leo: mu mwezi wa 9 wa 2023 uzazi wa bure ulianza Kinshasa, kama sehemu ya ile couverture santé universelle, na Fonds de Solidarité de Santé njo mwenye kulipa lopitali badala ya mama. Kwa karatasi, ni mkono wa kutoa. Ninauunga, ninasema wazi. Ila tuangalie siku ambayo lopitali inapokea feza yake, si siku ya tangazo. Fonds ikilipa mwezi ukiisha, uzazi utakuwa bure. Ikichelewa miezi sita, lopitali haitafunga mlango. Itamtuma mama kununua ganti kwa duka la mbele, uzi kwa duka la pili, na "bure" itakuwa na bei isiyoandikwa popote. Tena bei isiyoandikwa ni mbaya kuliko iliyoandikwa, maana hauwezi kuibisha. Na yule muuguzi wa miaka kumi na moja, kama bado hana mshahara, bure hiyo umeitoa mu sahani yake.

Kwa kituo cha afya cha karibu na kwetu, tangu mwaka jana kuko bei moja kwa ukutani, kwa rangi nyeusi, kwa franka: uzazi wa kawaida ni kiasi hiki, ganti na dawa ndani. Kuko mradi unaowaongezea kila mwezi. Haihesabu tena uzi na serumu. Mtu anajua mbele ya kutoka nyumbani abebe ngapi, na papa anasema peke yake hiyo imempunguzia usingizi mbaya. Lakini kituo hakipasui. Mama akikwama wanamtuma lopitali, na lopitali ni ileile ya siku tisa.

Yaya yuko na mimba ya miezi saba sasa. Aliyepasuliwa mara moja, dokta anataka azalie lopitali. Mupunga tulivuna mwezi uliopita, bei si mbaya, na wanunuzi wamepita mara mbili kwa nyumba. Papa aliwauzia yote, isipokuwa magunia sita yaliyo mu chumba changu, nyuma ya kitanda.