Taka za Nyumbani: Mbichi Zisichanganywe na Kavu

Kila asubuhi katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, kuanzia Kangemi na Kawangware mpaka Lavington, Kileleshwa na Kilimani, jambo moja ni lile lile kwa tajiri na kwa maskini: mfuko wa taka hutolewa mlangoni, na mwenye nyumba hurudi ndani akiona kazi imekwisha. Kwa kweli haijakwisha. Taka haipotei kwa kutolewa mlangoni; huhama tu, na huko ihamiako pana watu wengine. Twataka kumweleza msomaji taka za nyumba yake zinakwenda wapi, zinaleta madhara gani njiani, na kwa nini tendo dogo la jikoni, yaani kutenga taka mbichi na taka kavu, ndilo linaloamua kama lori la taka litafanya kazi ya maana au ya bure.

Jambo hili si geni mjini. Nairobi ilianzishwa mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, mahali penye kinamasi, na haikutimiza miaka mingi ikapigwa na tauni. Mwaka 1902 ugonjwa huo ulizuka katika soko la Wahindi, pale ulipo Mtaa wa Biashara siku hizi. Maduka ya mabati yalikuwa yamesongamana, nafaka imewekwa ovyo, takataka zimelundikana nyuma ya nyumba, na panya ni wengi kupita kiasi. Na tauni huenezwa na viroboto wa panya. Wakuu wa wakati ule waliona dawa ni moto, basi soko likachomwa. Hata hivyo tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata. Mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki. Shauri lake lilikuwa kugawa makao ya watu kwa rangi zao, na ndivyo mji ulivyoendelea kujengwa, Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Waafrika kwenye tambarare ya mashariki. Walitenganishwa watu, na kilichotakiwa kutenganishwa ni takataka.

Sasa tueleze maneno yetu. Taka mbichi ni zile zinazooza: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya sukuma wiki, majani ya chai yaliyochujwa, ugali uliolala, mifupa, nyasi zilizofyekwa. Taka kavu ni chupa, makopo, karatasi, maboksi, plastiki na nguo kuukuu. Katika Nairobi zaidi ya nusu ya taka za nyumbani, kwa uzito, ni mbichi. Zote mbili zina faida zikiwa mbali mbali, na zote mbili huharibika zikikutana. Boksi lililomwagikiwa mchuzi halina mnunuzi. Maganda yaliyochanganyika na vipande vya plastiki na vigae vya chupa hayafai kulishwa mnyama wala kuwa mbolea. Mwenye kuvitia katika mfuko mmoja amegeuza mali mbili kuwa uchafu mmoja, kisha analipa ili uchukuliwe.

Hatari ya taka mbichi ni nzi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai yake, mia na zaidi kwa mara moja, katika kitu chenye unyevu kinachooza. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Funza hula kwa siku kadhaa, kisha hutambaa kutafuta mahali pakavu, hujifunika ganda, na humo hutoka nzi mwenye mbawa. Penye joto kazi yote hiyo huchukua siku saba mpaka kumi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika baridi ya Julai nzi hukawia zaidi. Lakini asidanganyike mtu, kwa kuwa taka zinazooza hutoa joto lao wenyewe, na ndani ya pipa la Julai funza yumo katika Januari yake. Basi taka mbichi zikichukuliwa mara moja tu kwa juma, na gari likachelewa siku mbili tatu, mwenye nyumba amekwisha kufuga nzi. Nao nzi hana meno. Hutapika mate juu ya chakula ili kukilainisha, ndipo anyonye, na kama ametoka chooni huleta vya chooni. Ndivyo kuhara kunavyoingia katika kikombe cha mtoto.

Kipindupindu njia yake kubwa ni maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, wala hakitazami mtaa. Mwaka 2017 kilipozuka Nairobi kiliwapata hata watu waliokula katika hoteli kubwa.

Tufanye hesabu ya ploti moja. Tuseme ni ploti ya Kawangware yenye vyumba 12, na kila chumba kina watu wanne. Hao ni watu 48. Kila mmoja akitoa nusu kilo ya taka kwa siku, ploti inatoa kilo 24 kwa siku na kilo 168 kwa juma. Zikichanganywa, ni kilo 168 za uvundo za kubebwa na mkokoteni. Zikitengwa, kama kilo 100 ni mbichi, na zinazosalia hazinuki, hazivuti panya, na zinaweza kungoja. Ploti haihitaji kitu kikubwa: mapipa mawili yenye vifuniko, la mbichi likiwa dogo ili limwagwe mara kwa mara, yote mawili yakiinuliwa juu ya matofali ili mbwa na panya wasiyafikie. Pipa la mbichi lioshwe kila limwagwapo, na chini yake liwekwe karatasi au majivu ya jiko kunyonya maji. Kinachoshinda ploti nyingi si ukosefu wa pipa bali ukosefu wa mtu. Pipa la wote halina mwenyewe. Yafaa wapangaji wawe na zamu iliyoandikwa ukutani, na mwenye ploti, ambaye ndiye anayepokea kodi, anunue mapipa. Si haki kumtwika mpangaji gharama hiyo.

Taka mbichi zikiisha kutengwa zaweza kwenda njia mbili. Mwenye kijishamba, hata kiwe kipande kando ya ukuta kama wengi walivyo navyo huko Kangemi na Dagoretti, afanye mboji. Aweke tabaka la taka mbichi, juu yake tabaka la majani makavu au karatasi zilizochanwa, hivyo hivyo mpaka lundo lifikie kimo cha mita moja. Lundo dogo mno halipati joto. Lundo zuri hupata joto la digrii 55 na zaidi katikati, na joto hilo huua mayai ya nzi na mbegu za magugu. Ligeuzwe kila baada ya majuma mawili. Likinuka, limelowa mno, liongezewe vikavu. Kwa miezi miwili au mitatu mboji itakuwa tayari, nyeusi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Nyama na mafuta visitiwe, maana huvuta panya.

Njia ya pili ni wafugaji. Wapo wanaopita na madebe kuomba makombo kwa ajili ya nguruwe, na hiyo ni biashara nzuri kwa pande zote. Lakini makombo lazima yachemshwe kwanza. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu hapa hapa Kenya mwaka 1921, hauna tiba, na husafiri katika vipande vya nyama ya nguruwe vilivyomo katika makombo. Binadamu haumpati; banda zima la jirani laweza kwisha kwa siku chache.

Sasa tuingie chooni, kwa sababu taka zisizopata pipa huingia huko. Ploti nyingi za Kangemi na Kawangware hutumia vyoo vya shimo. Kinyesi hupungua chenyewe shimoni: maji yake huzama ardhini, na mengine huliwa na vijidudu. Nguo, chupa, nepi na mifuko havipungui. Shimo lililochimbwa lidumu miaka mingi hujaa upesi, na lori la kunyonya likija mpira wake huzibwa na matambara. Hapo huitwa watu washuke na ndoo, na ndani ya shimo mna hewa ya sumu iwezayo kumwua mtu kabla hajapiga kelele. Basi nepi moja iliyotupwa usiku shimoni yaweza kuwa sababu ya mtu kushuka humo.

Choo cha shimo kinaweza kuwa kisafi kabisa. Katika miaka ya 1970, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ilibuniwa namna ya choo yenye bomba la hewa, nayo imeenea Afrika nzima. Bomba jeusi lenye upana wa sentimita 15 hivi hutoka shimoni likapita paa, na mdomoni hufungwa wavu. Upepo ukivuma juu huvuta harufu nje. Ndani ya choo huwekwa kiza, na nzi aliyemo shimoni hufuata mwanga, hupanda bombani, hukutana na wavu, hufia hapo. Wavu ukichanika bomba halifai kitu tena, nao ndio ambao watu husahau kuutazama. Tena choo kiwe mbali na kisima, desturi ikiwa mita 30. Twajua kwamba katika ploti zilizobanana mita 30 ni nyumba ya jirani wa tatu. Kwa hiyo maji ya visima vifupi vya mitaa hiyo yahesabiwe kuwa ya kufulia, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Wakaao katika maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa wasicheke. Mabomba mengi ya huko yalitandikwa wakati kila uwanja ulikuwa na nyumba moja. Sasa uwanja ule ule umebeba familia kadhaa. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa katika sinki huganda bombani kama sabuni, majitaka hupasua njia barabarani na kumiminika mtoni. Mafuta yaliyotumika yamwagwe katika kopo, yagande, yatupwe. Neno hili lawahusu hasa wenye mikahawa ya katikati ya mji.

Na mto wenyewe ni jirani wa wote. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita upande huu wetu wa magharibi, hufika Chiromo, hupita karibu na Makumbusho, huingia katikati ya mji, Gikomba, Dandora, kisha huungana na Athi, ambao mwisho huitwa Galana na Sabaki na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mfuko uliotupwa bondeni Kangemi ni mfuko uliotumwa Gikomba. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 watu wengi waliokaa kandokando ya mito ya Nairobi walipoteza nyumba, na wengine maisha, na mifereji iliyozibwa na taka iliyazidisha maji.

Zile taka zinazochukuliwa na malori nazo huenda Dandora, kwenye jalala lililofunguliwa katika miaka ya 1970 ndani ya machimbo ya zamani ya mawe. Lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na likaendelea kupokea. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Gigiri, lilitoa uchunguzi wa watoto 328 waishio na wasomao karibu na jalala hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati huo. Risasi hudhoofisha akili ya mtoto. Betri kuukuu ni mojawapo ya vitu vinavyobeba madini hayo, basi betri zisitiwe katika mfuko wowote. Ziwekwe kando pamoja na viwembe, sindano na dawa zilizopitwa na wakati, mahali pasipofikiwa na watoto, mpaka apatikane wa kuzipokea.

Sheria zipo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini iwezayo kufika shilingi milioni 4. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuondoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe pale pale zinapotoka, zinazooza na zisizooza, na anayezichukua azichukue zikiwa zimetengwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, na hapa wapangaji wana nguvu wasiyoitumia, maana wao ndio wanaolipa. Kabla ya kumlipa mzoaji, kikao cha ploti au cha ghorofa kimwulize anakuja siku zipi, anamwaga wapi, na kama gari lake lina nafasi mbili. Akisema vyote vitachanganywa garini, kutenga kwenu kutakuwa mchezo; tafuteni mwingine, au mpatane na mnunuzi wa chupa na karatasi apite kabla ya lori. Taka mbichi zichukuliwe mara mbili kwa juma, kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Zile kavu zaweza kungoja hata mwezi mzima, mradi zisinyeshewe.